Mstari wa Buluu wa Mtaa wa Samur

Jumatano ile, saa nne kasorobo za asubuhi, Zakiya binti Humam alitoka nyumbani kwake na uongo wake uko tayari mdomoni. Angesema mjukuu wake Mazoon ana homa. Uongo huo alikwisha kuutumia mara tatu tangu skuli zifunguliwe, na kila mara ulimfaa: alifika chekechea, akausema, akamchukua mtoto, akaondoka naye.

Jua lilikuwa linawaka. Juu ya mtaa hapakuwa na wingu hata la kufutia jasho. Lakini nyuma, kule milimani, palikuwa peusi kama moshi wa tairi, na dakika tano nyuma wifi yake Khole, anayekaa kijiji cha huko juu, alimpigia simu akipiga makelele ili sauti yake ishinde mshindo wa mvua.

"Zakiya, huku ni gharika! Wadi imeshuka! Nimeiona kwa macho yangu imebeba tangi zima la maji la jirani, linakwenda kama kopo!"

Mtu wa huku Maskati hahitaji kuelezwa zaidi. Wadi ni mto usio na maji. Mwaka mzima ni kokoto na miba, mbuzi wanapita, watoto wanacheza mpira. Kisha siku moja mvua inanyesha milimani, mahali ambapo wewe hupaoni, na maji yanakujia huku umesimama juani. Zakiya alitazama saa ya gari. Kutoka kijiji cha Khole mpaka Mtaa wa Samur maji huchukua dakika hamsini, pengine saa. Alijua kwa sababu alishawahi kuyahesabia.

Aliwasha gari, akateremka kuelekea chekechea.

Mgeni akiuliza njia ya Mtaa wa Samur, huko Al Amerat, hatajiwi jina la barabara wala namba ya nyumba, ingawa vyote vipo na vimeandikwa vizuri kwenye vibao. Huambiwa: panda mpaka kwenye tangi, uuache msikiti mkono wako wa kulia, ukifika kwa Kunju kata kushoto, teremka, Twiga utamwona mwenyewe. Tangi ni lile la maji, limesimama kwa miguu minne juu ya kilima, limepakwa rangi nyeupe na buluu. Kunju ni Mmalabari, mtu wa kusini mwa India, aliyefungua duka la kwanza wakati mtaa una nyumba nne tu, akauza mkate na gesi ndani ya kontena. Na Twiga ni picha iliyochorwa kwenye ukuta wa chekechea, shingo yake ndefu imezunguka kona nzima ya jengo. Twiga yuko bondeni, mahali pa chini kabisa.

Hakuna mtu aliyeujua mtaa huo kuliko Zakiya, kwani yeye ndiye aliyeuchora.

Alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati akiwa na miaka tisa, mwaka 1975, amevaa sweta asilolihitaji kwa sababu bibi yake aliamini ndani ya ndege kuna baridi ya kuua. Alikulia Ruwi, nyumbani wakisema Kiswahili na nje Kiarabu, akasomea uchoraji wa ramani, na akapata kazi katika kampuni moja ya wapimaji ambako kwa miaka mingi alikuwa mwanamke peke yake mbele ya meza ya kuchorea. Mwaka 1997 kampuni ilipewa ardhi ya Samur igawe viwanja. Zakiya alikwenda na wapimaji, akatembea juu ya kokoto kwa siku nne, akarudi akachora kwa wino: viwanja mia moja na kumi na viwili, hapa msikiti, hapa duka, hapa tangi. Na katikati alipitisha mstari wa buluu wa vidotidoti, mpana, unaotoka upande wa milima ukateremka kuelekea wadi kubwa. Ubavuni aliandika kwa mkono wake: *Mkondo wa maji. Pasijengwe.*

Miaka miwili baadaye yeye na mumewe, Musallam, walipata kiwanja hapo hapo, wakawa miongoni mwa zile familia nne za mwanzo. Umeme ulikuwa hakuna. Maji yalikuja na lori mara mbili kwa wiki. Kilipopiga kimbunga cha Gonu, mwaka 2007, walisimama juu ya dari, yeye na Musallam, wakauona ule mstari wake wa buluu umegeuka kuwa mto wa kahawia, unavuma usiku na mchana. Maji yalipita pale pale alipoyachora. Hayakuigusa nyumba ya mtu, kwa sababu hapakuwa na nyumba.

Baada ya miaka mitano mkuu wake wa kazi, Bwana Hisham, alimwita ofisini. Wakati huo ramani zilikuwa zimo kwenye kompyuta. Ile ya Samur ilikuwa imefunguliwa tayari.

"Mstari huu utoe," alimwambia. "Mwenye mradi anataka viwanja saba zaidi. Maji yatapita chini ya barabara, tunatia mabomba mawili ya zege."

"Bwana Hisham, mimi nnakaa pale. Nimeyaona maji. Mabomba mawili hayatoshi hata kidogo."

"Uliyaona ya kimbunga. Kimbunga mtu hukiona mara moja katika umri wake." Akamtazama, hakukasirika. "Usipoutoa wewe atautoa mwengine, na meza yako atakaa yeye."

Zakiya akabonyeza. Mstari ukaondoka, na mahali pake pakabaki peupe kama hapajawahi kuwa na kitu. Yalikuja malori ya kifusi yakaujaza mkondo, zikajengwa nyumba sita, na ya saba ikawa chekechea. Nyumbani Musallam alimwambia, "Wewe ni mkono tu, mke wangu. Kichwa ni chao." Maneno hayo aliyashika miaka yote. Ile ramani yake ya wino aliiviringisha, akaitia chini ya kabati la nguo, na hakumwambia mtu.

Kisha binti yake akamwandikisha Mazoon kwa Twiga, kwa kuwa ni karibu na nyumba ya bibi. Zakiya angesema nini? Angemkataza kwa sababu gani? Basi akanyamaza, na kila wingu lilipojikusanya milimani alikwenda kumchukua mtoto, akasema ana homa.

Lango la chekechea alimfungulia Wambui, mwanamke wa Kenya, kutoka Nyeri, mwaka wake wa sita sasa anafanya kazi hapo. Yeye ndiye aliyewafungulia watoto asubuhi, akawavua viatu, akawapangusa pua, na mchana wote wakishaondoka alifunga lango akabaki, maana chumba chake kilikuwa nyuma ya jengo, kando ya ukuta. Walikutana dukani kwa Kunju, Zakiya akilalamikia nyanya kwa Kiswahili peke yake, na Wambui akacheka nyuma yake kwa furaha ya kusikia lugha yake. Tangu siku hiyo ilikuwa haipiti Ijumaa bila sahani ya biriani kupelekwa kwa Twiga.

"Mama Zakiya! Usiniambie ni homa tena."

"Homa, mwanangu. Mama yake kanipigia simu."

"Hii homa ya Mazoon ni ya ajabu, sindio?" Wambui alikuwa anacheka. "Inakuja mawingu yakija tu. Ngoja nikuletee."

Alimleta mtoto na mkoba wake. Mazoon alikuwa na rangi ya kijani mpaka kwenye kope, wanachora majani, na hakutaka kuondoka. Zakiya akambeba hivyo hivyo, akamweka kitini ndani ya gari, akamfunga mkanda. Ikabaki kuwasha gari tu. Simu ikalia. Khole tena.

"Imepita daraja la chini yetu sasa hivi. Imechukua gari, Zakiya. Tupu, alhamdulillahi, hamna mtu. Lakini maji haya si ya kawaida."

Zakiya akakata simu. Zilikuwa zimepita dakika kumi na mbili tangu simu ya kwanza. Kwenye dirisha la chekechea watoto wawili walikuwa wamebandika viganja vyao vya kijani kwenye kioo, wanampungia Mazoon. Mmoja wao alimjua, mtoto wa muuza dawa. Wa pili hakumjua kabisa, ni kipara tu na meno ya mbele hayapo.

Alikaa mkono uko kwenye ufunguo. Akawaza: watafunga mlango, watapanda juu ya meza. Akawaza: pengine yale mabomba yatatosha. Akawaza pia, na hili lilimchoma kuliko yote, kwamba mara tatu alishayawaza haya haya, akaondoka, na Mungu akamsitiri.

Alimfungua Mazoon mkanda, akamshika mkono, akarudi langoni.

"Wambui, nipeleke kwa mwalimu mkuu. Sasa hivi."

Mwalimu mkuu alikuwa Afra, mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi, mpole, mwenye mpango kwa kila kitu. Bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Pemba, kwa hiyo Kiswahili alikifahamu, na yeye humwita Zakiya khala, mama mdogo, kwa heshima.

"Watoe watoto," Zakiya alisema kabla hajakaa. "Wote. Wapelekeni juu, msikitini. Wadi inakuja na itapita hapa."

Afra alitazama dirishani. Jua lilikuwa limejaa uwanjani, bembea zinang'aa.

"Khala, kaa kwanza. Tangazo nimelisoma. Mvua ni za milimani, alasiri. Na maagizo tuliyonayo ni kuwa kukiwa na mvua watoto wabaki ndani, magari yasitembee. Ndani ndiyo salama."

"Ndani ya jengo jengine, ndiyo. Si hili."

"Kwa nini si hili? Limejengwa kwa kibali. Chini ya barabara kuna mabomba."

"Mabomba mawili. Nnajua. Afra, tuna dakika thelathini na tano."

"Nampigia mwenye skuli." Afra alipiga. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Simu ya Zakiya nayo ikalia mkononi, ni Musallam, yuko kazini kwake Rusayl kwenye maghala.

"Khole kanambia," alisema Musallam. "Umeshamchukua mtoto?"

"Ninaye hapa. Niko ndani ya skuli. Nnawaambia watoke."

"Zakiya, mchukue mjukuu wako urudi nyumbani. Ukiyafungua hayo leo, utaulizwa. Maji yenyewe huenda yasifike."

"Na yakifika?"

Zakiya akaizima simu.

Afra alikuwa amesimama, uso umemsawijika. "Hapokei. Khala, nielewe. Nina watoto thelathini na nane, na Mazoon ni thelathini na tisa. Nikiwatoa barabarani juani, mmoja akagongwa, nitasema nini? Kwamba jirani kaona wingu? Wewe mchukue Mazoon wako uende, sikuzuii."

Mlangoni Wambui alikuwa hajaondoka. Zakiya alimwona kwa pembe ya jicho, na aliona afadhali angekuwa hayupo. Lakini muda ulikuwa unakwenda.

"Nisikilize," alisema. "Mtaa huu nimeuchora mimi, kwa mkono wangu. Hapa tuliposimama palikuwa mkondo wa wadi. Niliuandika kwenye ramani, na niliandika pasijengwe. Kisha wakaniambia niufute, na nikaufuta. Mimi. Ramani ya mwanzo iko kwangu, chini ya kabati. Maji yalipita hapa mwaka wa Gonu, urefu wa mtu na nusu. Niliyaona."

Chumba cha pili watoto walikuwa wanaimba hesabu za Kiarabu, wamefika saba, wameruka nane, wamekwenda tisa.

"Umeufuta wewe," alisema Afra polepole.

"Ndiyo."

Wambui ndiye aliyepiga hatua ndani. Hakuwa anacheka tena. "Kwa hivyo ile homa," alisema. "Kila mvua ilikuwa unakuja unatoa wako. Hawa wengine unaniachia mimi."

Wambui hakungoja jawabu. Alikwenda kwenye ndoano ya ukutani akateremsha kamba ndefu ya rangi, ile yenye vitanzi ambavyo watoto hushika wakienda matembezi. "Madam," alimwambia Afra, "ukinifukuza kazi kesho ni sawa. Mimi nawatoa."

Afra aliitazama kamba, akaitazama bembea, akatazama simu yake isiyojibiwa. Kisha akajikaza. "Viatu msiwavishe," alisema. "Hamna wakati. Waambieni tunakwenda kumtembelea imamu."

Msikiti uko juu, chini ya tangi, hatua mia tatu kutoka kwa Twiga. Mtu mzima hufika kwa dakika tatu. Watoto thelathini na tisa wa miaka mitatu na minne, miguu mitupu juu ya lami iliyoanza kupata moto, kila mmoja na kitanzi chake, ni safari nyengine. Mmoja alikaa chini akalia. Mmoja aliona paka akaachia kamba. Walimu wawili walikuwa mbele, Afra ubavuni akiandika ujumbe kwa wazazi huku akitembea, Wambui nyuma kabisa, kabeba mmoja mgongoni na mmoja kifuani. Zakiya alikuwa na Mazoon na yule kipara. Katikati ya kilima pumzi ilimwishia. Alisimama, akageuka kutazama milimani. Bado jua. Bado kimya. Shetani akampitishia fikra: vipi yasipokuja? Utakuwa umeyasema yote bure.

Na alitamani, Mungu amsamehe, kwa muda wa pumzi moja alitamani yaje.

Imamu aliwafungulia upande wa wanawake. Wambui aliwahesabu wakiingia, thelathini na tisa, akawahesabu tena wakiwa wamekaa kwenye zulia, thelathini na tisa. Afra aliegemea ukuta akafunga macho. Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na mbili.

Zakiya hakuingia. Alibaki kwenye ngazi za nje, na hapo ndipo alipoisikia. Kwanza alidhani ni malori yanapanda mlima. Sauti nzito, ya mbali, ya mawe yanayosagana. Halafu akaona gari jeupe limekata kona kwa Kunju, linateremka kwa kasi kuelekea kwa Twiga.

Alilijua. La Khattab, baba wa pacha wawili wa pale chekechea. Alikuwa barabarani tangu Bawshar, ameambiwa wadi inashuka, na ule ujumbe wa Afra hakuusoma.

Zakiya alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, na abaya, na kandambili zilizomtoka hatua ya tatu. Alikata kiwanjani, akaingia katikati ya barabara mbele ya gari, akanyoosha mikono. Breki zilipiga kelele. Gari lilisimama, pua yake ikiwa mkono mmoja kutoka kifuani mwake.

Khattab alipiga honi. Alionekana anasema kitu ndani ya kioo, mishipa imemsimama. Akarudi nyuma, akataka kumzunguka kwa pembeni, juu ya kokoto. Zakiya naye akaenda pembeni, akaweka viganja viwili juu ya boneti iliyokuwa inaunguza.

"Hawamo!" alipiga kelele kwa Kiarabu. "Wanao hawamo! Wako msikitini!"

Hakusikia. Alifungua mlango akashuka, amefura. "Ondoka njiani, mama! Wanangu wamo humo! Wana miaka minne!"

"Wako juu. Wallahi wako juu, nimewaona kwa macho yangu, geuka utazame!"

Wote wawili waligeuka, lakini si kutazama juu. Upepo wa baridi uliwapiga usoni, unanuka udongo. Nyuma ya ile safu ya nyumba sita palitokea ukuta mfupi wa povu la kahawia, umebeba matawi, na milango, na pipa kubwa la taka la chuma linalopinduka kama boksi la viberiti. Ulifika kwenye mabomba ya chini ya barabara, ukayajaza, ukayasahau. Ukapanda juu ya lami. Ukuta wa chekechea ulisimama muda wa kuhesabu mpaka tano. Kisha shingo ya Twiga ikavunjika katikati, upande mzima ukalala majini, na maji yakaingia madirishani kwa vishindo, moja, la pili, la tatu.

Mahali ambapo gari la Khattab lingekuwa, palikuwa mto.

Khattab alikaa chini barabarani, na kanzu yake nyeupe. Alikuwa anasema jina la Mungu, hana neno jengine. Zakiya aliinama akamshika bega.

Maji yalipita kwa muda wa saa mbili na nusu. Watu wa zile nyumba sita walipanda madarini, na gari la uokozi likawateremsha alasiri. Hakufa mtu. Magari mawili yalikutwa kwenye wadi kubwa, na moja la friji la ice cream ambalo hakuna aliyelijua lilikotoka. Darasa la Mazoon lilikuwa na tope mpaka kwenye picha za alfabeti.

Jioni wazazi walikuja kumshukuru Zakiya. Mama wa yule kipara alimbusu kichwani. Akinamama walisema bila yeye leo tungekuwa tunachimba makaburi, na kila neno lilimwingia kama mwiba, kwani Afra alikuwa bado hajawaambia nani aliufuta mstari, wala yeye mwenyewe hajasema.

Alimtafuta Wambui. Alimkuta amesimama kwenye tope nyuma ya jengo, pale kilipokuwa chumba chake. Pamebaki sakafu na nusu ya mlango. Pasipoti, vyeti vyake vya ualimu wa chekechea, picha za mamake marehemu, vyote vimekwenda.

"Njoo kwangu, mwanangu," Zakiya alisema. "Kitanda kipo."

Wambui hakugeuka. "Ulijua mimi nalala hapa."

"Nnajua. Nilijua."

"Kila Ijumaa unaniletea chakula mpaka mlangoni. Unaangalia hii kuta. Watoto wanaenda kwao saa saba, Mama. Mimi nilikuwa hapa kila usiku, miaka sita."

Usiku huo Wambui alikwenda kwa rafiki yake Shiro, huko Bawshar, na nguo alizokuwa nazo mwilini.

Siku chache baadaye Zakiya alilala chini kwa tumbo, akavuta ile ramani chini ya kabati. Musallam alikuwa amesimama mlangoni. Alimwona akiipangusa vumbi, akasema, "Watakuuliza kwa nini ulinyamaza." Zakiya akasema, "Wana haki." Alipokuwa anavaa buibui, Musallam alikwenda akaleta funguo za gari. Alimpeleka mwenyewe mpaka mbele ya kamati iliyoundwa kuchunguza mafuriko, akamngoja nje muda wote wa saa tatu. Bwana Hisham, aliyestaafu zamani, alimpigia simu jioni hiyo kumwambia kuwa kumbukumbu yake si sahihi. Zakiya alimjibu kuwa kumbukumbu ingeweza kukosea, lakini wino haukukosea.

Habari zikaenea. Baadhi ya wale waliombusu kichwa waliacha kumsalimu kwa Kunju. Binti yake alikaa siku kumi hampigii simu. Kamati ikaamuru chekechea isijengwe tena, na mkondo uchimbwe upya. Kuhusu nyumba sita, ilisema bado inalitazama suala lao, na watu wake waliendelea kuosha tope kutani, wakipaka rangi, wakinunua mazulia mapya, wanaamini kuwa ilikuwa ajali ya mara moja.

Wiki ya tatu Wambui alimpigia. Alihitaji kwenda ubalozini kushughulikia pasipoti mpya, na Shiro yuko kazini. Hakusema tafadhali. Zakiya alimfuata Bawshar. Ubalozini walingoja pamoja kwenye viti vya plastiki, na Zakiya alitoa ushahidi wake kwa maandishi kuwa nyaraka zimechukuliwa na maji. Walipokuwa garini wanarudi, ndipo Wambui alipoongea.

"Wacha nikuulize kitu. Hizo nyumba sita. Zile watu wamerudi ndani. Wanajua?"

"Kamati inajua."

"Sijakuuliza kamati."

Zakiya alishika usukani. "Hawajui yote," alisema.

"Basi ni homa bado," alisema Wambui, na akatazama dirishani mpaka wakafika.

Alikuwa hajamsamehe, na Zakiya hakumwomba. Wambui aliposhuka alisema asante, akafunga mlango wa gari taratibu, akaenda. Baadaye Zakiya alisikia amepata kazi katika chekechea nyengine, iliyo juu ya mwinuko. Shiro alisema kabla ya kukubali aliwataka wampeleke uwanjani, akasimama akatazama ardhi ya pande zote.

Siku ile ile ya ubalozi, baada ya sala ya alasiri, Zakiya hakwenda nyumbani. Aliliacha gari kwa Kunju, akateremka kwa miguu mpaka kwenye zile nyumba sita. Nyumba ya kwanza mwenyewe alimsikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akasema watafikiri. Ya pili, kijana mmoja jina lake Muatasim, aliyeoa mwaka juzi na kumaliza kujenga mwaka jana, alimuuliza Zakiya alikuwa wapi wakati yeye anachimba msingi. "Nilikuwa pale juu," Zakiya alisema, "nnakuona kila siku." Muatasim alimfungia lango usoni, na kupitia chuma Zakiya alimsikia mke wa kijana anauliza ni nani, na kijana akijibu, hakuna mtu.

Zilikuwa zimebaki nyumba nne. Akavuka mtaro mpya ambao mashine zilikuwa zimeanza kuuchimba, akabonyeza kengele ya lango la tatu. Sauti ya mwanamke ikauliza kwenye kile kisanduku cha ukutani nani anagonga.

"Mimi Zakiya binti Humam, jirani yako wa juu," alisema. "Ramani ya mtaa huu nimeichora mimi. Nna jambo la nyumba yako nataka kukwambia, na nimechelewa sana kukwambia."